Uwanja wa Bana Chilekwa

Mtaani kwetu Kabwe, mji wa mgodi huku Zambia, ufagio huamka kabla ya jogoo, na uliotangulia siku zote ulikuwa wa Bana Chilekwa. Jina alilopewa alipozaliwa ni Nkandu, lakini tangu amzae Chilekwa akawa Bana, yaani mama, Chilekwa, na hakubaki wa kumwita Nkandu ila mama yake, na mama yake alishatangulia mbele za haki.

Alifundishwa kufagia akiwa bado hajafika kiunoni mwa mtu mzima. Mama yake alisimama nyuma na kijiti. Ufagio uende upande mmoja, uache mistari kama ya mkeka, na pasionekane hata jani moja. Mwanamke mwenye majani uwanjani ni mvivu, na wageni wake ni nyoka. Nkandu akalishika hilo akiwa mke, akalishika akiwa mjane, hata mgodi ulipofungwa na wanaume wakabaki kukalia vibaraza. Uwanja wake ulikuwa mkavu, mgumu, umenyooka kama ubao. Walioleta posa kwa binti yake waliutazama uwanja kwanza, binti baadaye.

Chilekwa alipopata kazi za ndani kule Ndola, alimwachia mama yake mtoto, Mumbi, kwani tajiri wake hakutaka watoto. Mumbi alikuwa mdomo mtupu. Akikosa wa kuzungumza naye, alizungumza na kuku. Basi alipokaribia miaka minne, maneno yakaanza kumpungua. Akawa mtu wa kushika tumbo na kukaa peke yake, akilamba vidole alivyochovya udongoni. Bibi yake akampeleka zahanati, akatolewa damu ya kupimwa.

Siku chache baadaye sista wa zahanati, mama wa Kilozi aitwaye Namukolo, akaja nyumbani. Alisimama langoni akautazama uwanja.

"Nani anafagia hapa?"

Bana Chilekwa akajifunga kitenge vizuri. "Mimi. Kila siku ya Mungu, hata nikiumwa."

"Unanyunyiza maji kwanza?"

"Sasa nani anafagia matope, sista?"

Namukolo hakucheka. Akaomba kigoda, akaeleza taratibu. Damu ya Mumbi ina risasi, madini yale yale waliyochimba babu zake. Mgodi umefungwa, lakini vumbi lake limelala kwenye udongo wa mtaa mzima. Ufagio hulirusha, mtoto hulivuta na kulila, nalo humharibu akili. Dawa ya kuishusha risasi mwilini ipo, ila akibaki kwenye vumbi lile lile itapanda tena, na kinachoharibika kichwani hakirudi.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Bana Chilekwa.

"Sijasema hivyo, mama."

"Umeniuliza nani anafagia."

Sista akainamisha macho. "Panda kapinga, nyasi za kutambaa. Uwanja wote."

"Majani? Mbele ya nyumba yangu?"

"Majani, mama. Yashike udongo."

Sista alipokwenda zake, Bana Chilekwa alibaki pale pale, ugali wake wa nshima ukaungulia jikoni. Alimkumbuka Kaluba, mdogo wake Chilekwa. Kaluba alikuwa akilazwa juu ya mkeka pembeni mama yake akifagia. Shule ilimrudisha, wakasema hana kichwa. Mama yake akasema ni ukaidi, akamchapa. Kisha kikaja kifafa, wakazunguka kwa waganga, na mtoto akazikwa kabla ya kuota ndevu. Damu yake haikupimwa na mtu.

Mvua za kwanza zilipoanguka, alipanda kapinga kwa mikono yake, shina kwa shina, mpaka mlangoni. Jirani yake Bana Sampa akachungulia juu ya ua.

"Bana Chilekwa, umeanza kufuga ng'ombe hutuambii?"

"Walete na wa kwako, wapo wa kutosha kwenu."

"Mimi sina. Mimi bado nina mikono ya kufagia."

Wanawake waliokuwa bombani walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Bana Chilekwa alikinywa kicheko hicho kama shubiri, akaendelea kupanda.

Mumbi alikunywa dawa, kipimo cha damu kikashuka. Asubuhi moja akasema, "Bibi, kuku ana njaa," na bibi yake akageukia ukutani machozi yasionekane. Lakini mvua zilipokwisha, kipimo kikapanda tena. Chilekwa akapiga simu: "Kikipanda safari nyingine, mama, naacha kazi nije nimchukue."

"Umpeleke wapi? Na tutakula nini?"

"Sijui, mama. Sijui kabisa."

Kesho yake Bana Chilekwa alikaa kizingitini alfajiri, hana ufagio, hana kazi. Ndipo alipoliona. Vumbi lilitoka kwa Bana Sampa, likapita juu ya ua taratibu kama moshi, likatua kwenye kapinga, kwenye nguo za Mumbi kambani, kwenye kikombe chake.

Kwetu, mtu akikutwa alfajiri akimwaga maji uwanjani kwa jirani, haulizwi anafanya nini. Huo ni uchawi. Kwa hiyo siku iliyofuata alibeba ndoo ya maji kichwani, akapita langoni waziwazi, akapiga hodi kwa sauti.

Bana Sampa akatoka na ufagio. "Ndoo ya nini tena?"

"Ya uwanja wako. Niumwagie kabla hujafagia."

"Umekuja kuniroga bila hata kujificha?"

"Ningetaka kukuroga nisingepiga hodi, mama."

Akamweleza habari za Mumbi. Kisha, akiwa bado na ndoo kichwani, akamtaja Kaluba, jina ambalo hakuwa amelitamka tangu makaburini. Akasema alivyomchapa. Bana Sampa aliegemea ufagio wake. Nyuma yake, mlangoni, mjukuu wake wa mwisho alikuwa amekaa chini, anachovya kidole mavumbini na kukilamba. Wote wawili walimwona.

"Mwaga," alisema Bana Sampa polepole. "Ila usinilowanishie kuni."

Bana Chilekwa akaitua ndoo, akanyunyiza kwa kiganja, akiyabania maji, lakini ndoo ikaisha kabla ya kufika nusu ya uwanja. Wakasimama wakitazama upande uliobaki mkavu. Ng'ambo ya pili, nyumba ya tatu, ufagio mwingine ulikuwa umeanza. Na mwingine mbele yake. Na mwingine.

Bana Chilekwa aliokota ndoo yake, akaenda kupanga foleni bombani.