Saa ya Ng'ambo ya Mto

Binti yangu alishikwa uchungu usiku, na kulipopambazuka mtoto alikuwa bado. Tukambeba kwa machela hadi zahanati ya kijiji, huku kwetu Kyerwa. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nesi alikuwa mmoja tu. Akampima, kisha akasema, "Mama, huyu ni wa kupasuliwa. Lazima gari la hospitali lije."

Gari liliitwa kwa redio ya upepo, na betri yake ilikuwa inakufa. Hospitali ilisikiliza saa nne asubuhi, halafu basi mpaka jioni. Ukiwasha mapema, betri inaisha unaongea peke yako.

Saa ya mezani ilikuwa kwenye chumba cha redio. Mimi sikutulia.

"Mwanangu, saa ngapi?"

Nesi akaenda, akarudi. Bado. Nikauliza tena, na tena. Mwisho akanishika bega. "Mama, kila nikienda kutazama saa namwacha binti yako. Sasa hivi ni saa tatu kasorobo. Tusiitazame tena. Bandika ebitoke na maharage nyuma hapo. Vikiiva, nawasha redio."

Nikamenya ndizi. Nikawa natazama moto tu. Mle ndani binti yangu aliacha kulia, na kimya chake kikanitisha kuliko kilio.

Chungu kilipokuwa karibu kuiva, akaja jirani yangu, mzee mwenye asili ya Rwanda, na kibuyu cha maziwa.

"Ehe, jirani! Leo umeolewa na zahanati?"

Sikuweza kucheka. Nesi akachungulia dirishani. "Shikamoo mzee. Asante kwa kuturekebishia saa jana."

"Marahaba. Hiyo sasa haikosei. Niliifuatisha redio yangu."

"Redio ya wapi?"

"Ya nyumbani, wapi tena? Ya huku inakoroma tu."

Nyumbani kwake ni ng'ambo ya mto Kagera, na kule saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Kumbe saa nne yetu ilikuwa imeshapita. Nesi akakimbilia redio. Mzee akabaki ameshika kibuyu, mdomo wazi.

Nesi akaita hospitali. Upepo. Akaita tena, taa ya redio ikaanza kufifia. Ndipo ikaja sauti ya mwanamume, "Dada, hospitali wameshafunga. Mimi niko zahanati iliyo jirani nao, nilichelewa kuzima. Sema haraka."

"Mzazi, kupasuliwa, leteni gari…" Akataja kijiji chetu, redio ikazima. Hatukujua kama jina la kijiji lilifika.

Tukangoja. Chakula kikapoa, hakuna aliyekigusa. Jua lilikwisha kuinama tuliposikia gari linapanda mlima. Kumbe yule mtu alipanda baiskeli mpaka hospitalini. Mzee akapanda nasi, kibuyu bado mkononi.

Hospitalini wakampasua, mtoto akatolewa kimya. Nilikuwa nje ya dirisha, nawasikia wakimkung'uta, wakimkung'uta. Halafu kikatoka kilio chembamba. Nikauliza, "Na mama yake?" Wakasema anapumua. Nikakaa chini kwenye nyasi.