Utingo wa Lori la Baba

Ningekuwa peke yangu ningesema niliota, yakaisha. Lakini tulikuwa watatu ndani ya lori lile, na mmoja wetu ni mama yangu, ambaye hajui kudanganya hata pale adabu inapomtaka adanganye. Kwa hiyo nisikilize kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Tulikuwa tunamhamisha mama kutoka Amani, kule milimani, aje kukaa nami mjini, Chumbageni. Lori ni la zamani, la marehemu baba. Nimelirithi kama watu wanavyorithi kisukari. Dereva alikuwa binamu yangu Salimu. Utingo, usicheke, nilikuwa mimi. Nilijitapa mbele ya ndugu kwamba chuo kikuu hakijanimaliza nguvu, na nitakaa nyuma na mizigo kama utingo yeyote.

Kazi hiyo unaijua. Utingo huona asichokiona dereva, na huzungumza naye kwa kiganja: akipiga bodi mara moja, simama, akipiga mara mbili, twende. Dereva hamuulizi sababu.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Hatujamaliza hata kona za kwanza, nikamsimamisha Salimu, nikaingia ndani, nikambana mama katikati.

"Utingo kashindwa na umande," Salimu akasema. "Shangazi, huyu ulimlea kwa maziwa ya kopo?"

Mama akacheka. Tukafunga vioo.

Lori lilikuwa likinguruma vibaya tangu jana yake tulipopanda. Salimu alisema ekzosi imepata ufa, tutaichomelea tukifika Pongwe. Sasa ikaongezeka sauti nyingine: kishindo kimoja nyuma yetu, kimya, kisha kimoja tena.

"Bomba hilo, linagonga chesisi," Salimu akasema.

Mimi nikasema ni springi, nikaanza kueleza habari za mitetemo nilizozisoma sijui wapi. Mama alikuwa amelala begani kwangu, nami nikafurahi kwamba anapumzika. Kichwa kilikuwa kinaniuma kidogo. Nilikuwa bado naeleza Salimu alipokanyaga breki.

"Mbona unasimama?"

"Nimepigiwa bodi."

"Na nani? Utingo si mimi?"

Akafungua mlango, hewa ya baridi ikaingia, na ndipo nilipoona kwamba mama haamki.

Tulimshusha tukamlaza kwenye majani. Ekzosi ilikuwa imekatika chini ya pale alipoweka miguu ndani ya lori, na moshi ulikuwa ukipanda kwenye tundu la sakafu, ndani ya kebini tuliyoifunga wenyewe. Nilimpepea kwa kanga yake huku nikimwita. Ilichukua muda ambao sipendi kuukumbuka. Mwishowe akakohoa, akatapika, akafumbua macho.

Hakututazama sisi. Alitazama juu, nyuma ya lori. Juu ya kasha la mama, kwenye mizigo, alikaa kijana ambaye hata thelathini hajafika, shati limekatwa mikono. Ukungu ulikuwa umetulowesha sisi sote, lakini yeye nywele zake zilikuwa kavu. Na mama yangu, ambaye nusu ya Amani humwamkia, akamwambia, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," kijana akajibu, kama mtu aliyezoea kuamkiwa naye.

Niambie, wewe ungefanya nini? Mimi na shahada zangu nilikagua viatu vyangu. Salimu aliingia chini ya lori, akalizungushia bomba bati la kopo la maziwa, akalikaza kwa waya, akaziba kwa udongo wa kichuguu. Nilipothubutu kuinua macho, kwenye kasha hapakuwa na mtu.

Tukapanda, vioo vyote wazi. Salimu akawasha gari, akashika usukani, akangoja. Sikumuuliza anangoja nini.

Bodi ikapigwa mara mbili. Tukaondoka.

Najua utasema ni moshi. Moshi wa ekzosi hulevya, huleta mauzauza. Nami hujiambia hivyo, na mara nyingine hukaribia kuamini. Lakini hebu fikiri: moshi gani huo unaowaamuru watu wasimame watoke nje ya moshi?

Mama alikaa siku nyingi bila kulitaja jambo lile. Kisha mchana mmoja, akiwa anapeta mchele, akasema, "Yule ni baba." Babu yangu mzaa mama alikuwa utingo wa lori la mbao. Alianguka kutoka kwenye lori akafa, kwenye barabara ile ile, mama akiwa bado tumboni. Picha yake haipo hata moja. Nikamuuliza amemjuaje mtu ambaye hajapata kumwona.

"Kafanana na wewe," alisema bila kuinua macho kwenye ungo. "Ila yeye alikaa mahali pake."

Ekzosi sasa ni mpya, na sauti ile haijarudi. Tukipanda Amani, nyuma nakaa mimi, na koti zito, na huacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yangu. Salimu huitazama nafasi hiyo kabla ya kuwasha gari. Hajanitania tena.

Nawe mwenye gari la zamani, niamini katika hili. Chuma kibovu hugonga ovyo, hakimsubiri mtu. Ukisikia kitu kinagonga kisha kinanyamaza, kana kwamba kinakungoja, usianze kubishana habari za springi. Simama. Sababu utaiona ukishashuka.