Bi Tarehe na toroli la mdogo wake

Saa mbili kamili asubuhi mlinzi wa supamaketi anausukuma mlango wa kioo, na wa kwanza kuingia ni mwanamke mwenye kilemba cha kijani, mkononi karatasi tatu zilizobanwa kwa kibanio cha nguo. Anavuta toroli, analisukuma hatua mbili, gurudumu linalia. Analirudisha na kuchukua jingine.

Kwenye friji ya maziwa hagusi pakiti za mbele. Anaingiza mkono hadi begani, anachomoa za nyuma na kusoma tarehe kwa sauti ya chini.

"Mbele wanaweka zinazokaribia kuisha," anasema bila kugeuka. "Siwalaumu, ile ni biashara yao. Na mimi biashara yangu ni kufika nyuma."

Trei ya mayai anaifungua na kugeuza yai moja moja. Mkebe uliobonyea anaupita. Mkate anaubonyeza kwa kidole, anangoja uinuke. Unga wa kilo mbili umebandikwa neno OFA kwa wino mwekundu, lakini akipiga hesabu pembeni ya karatasi anakuta pakiti mbili za kilo moja, zilizowekwa rafu ya chini kabisa, ni nafuu zaidi. Anainama, magoti yanamlia, anazichukua.

Wafanyakazi wa pale wanamwita Bi Tarehe. Ulianza utani wa keshia mmoja, jina likamganda. Kazi yake ni kuwanunulia vitu vya nyumbani watu wasio na nafasi au nguvu ya kwenda wenyewe: wazee, wagonjwa, wenye watoto wachanga, wenye kazi za zamu.

Ana miaka arobaini na sita. Kabla ya kazi hii alipika kwenye nyumba ya watu miaka kumi na moja, mpaka waajiri wake walipohama na kumwachia sufuria mbili na barua ya kumsifu. Jirani yao mmoja, bibi wa ghorofa ya tatu ambaye ngazi zilikuwa zimemshinda, akamwomba amletee vitu vya wiki. Bibi akamwambia mkwewe, mkwe akamwambia mwenzake wa kazini. Ndani ya miaka minne alikuwa na nyumba kumi na tatu, na kila nyumba ilimlipa sehemu moja ya kumi ya kilichonunuliwa.

Alikuwa na masharti yake. Hakununua samaki mwenye macho yaliyozama, hata apunguzwe bei namna gani. Na kuna kuku wa kugandishwa wa kampuni moja, wa bei poa kuliko wote kwenye friza, ambao hajawahi kuwaweka kwenye toroli. Binamu yake alikuwa akiwakata kwenye kiwanda hicho. Mashine ilipomla vidole viwili, alipewa bandeji na barua ya kuachishwa kazi.

"Nikimwona yule kuku naona mkono wa binamu yangu," anasema. "Mteja akinilazimisha, namwambia amtume mwingine."

Huyo mwingine alikuja kupatikana, tena kutoka tumbo moja naye.

Mdogo wake alikuwa akifanya kazi ya dobi. Duka lilipofungwa, alikaa nyumbani kwa mama yao miezi miwili akitazama dari. Bi Tarehe akamchukua, akamfundisha kusoma lebo, kulinganisha uzito na bei, kunusa nyama bila kumuudhi mwenye bucha. Miezi mitatu tu, akamwacha aanze na wateja wake mwenyewe.

"Nilidhani atapata nyumba mbili tatu, apate hela ya sabuni," anasema, kisha anacheka kidogo. "Kumbe nilikuwa namnoa mshindani."

Mdogo mtu ana mdomo mtamu na kumbukumbu kali. Alijua kila idara hupunguza bei siku gani na saa ngapi. Hakudai sehemu ya kumi. Alitoza malipo yaleyale kwa kila safari, toroli lijae lisijae. Watu wakampa jina la Punguzo. Muuguzi aliyekuwa mteja wa Bi Tarehe akahamia kwake. Akafuata fundi cherehani. Halafu, Jumatatu moja, bibi wa ghorofa ya tatu akamkalisha Bi Tarehe sebuleni na kumwambia kwa upole kwamba wiki ijayo asije.

"Nimekukosea nini, bibi?"

"Hujanikosea, mwanangu. Ila nimekaa nikafikiri. Wewe ukinunua ghali, unapata zaidi. Mdogo wako hapati kitu kwa ghali yangu."

Bi Tarehe alishuka zile ngazi. Anasema hajawahi kumwibia mtu hata sumni, na ni kweli. Lakini kilichomuuma zaidi, anakiri, ni kwamba katika miaka yote ile hesabu hiyo haikuwahi kumpitia kichwani.

Tangu siku hiyo wivu ukaingia ukajitandikia mkeka. Wakienda kwa mama, aliona shuka jipya ambalo si yeye aliyelileta. Kwenye supamaketi, keshia aliyempa yeye jina sasa alimvutia kiti Punguzo, wakawa wanacheka. Bi Tarehe alijikuta amesimama nyuma ya karatasi za chooni akihesabu vitu vilivyomo kwenye toroli la mdogo wake kama polisi wa forodha.

"Nilikuwa nakosea oda zangu mwenyewe," anasema. "Mteja kaagiza chumvi, mimi napeleka sukari. Akili iko kwenye toroli la mwenzangu."

Jumanne moja akiwa mafichoni alimwona Punguzo akinong'ona na mpanga rafu karibu na kikapu cha vitu vinavyokaribia kuisha muda. Mpanga rafu akaingia stoo, akatoka na katoni ya mtindi. Bi Tarehe hakungoja kuona zaidi. Moyoni alishaamua: wanafuta tarehe.

Mteja mkubwa wa Punguzo alikuwa mwalimu mwenye kituo cha kulelea watoto, watoto thelathini wanaokula hapo mchana. Jioni ileile Bi Tarehe alipanda hadi kituoni.

"Mwalimu, nakuja kama mzazi. Kagua chakula unacholetewa. Watoto wataumia."

Mwalimu hakubishana. Alimsimamisha Punguzo kwa simu, palepale. Halafu akamwambia Bi Tarehe jambo ambalo hakulitarajia: kesho saa nne waje wote wawili, yeye na mdogo wake, na kila kitu alicholeta Punguzo kitolewe mezani.

Saa nne meza ndefu ya watoto ilikuwa imejaa. Punguzo alikaa upande wa pili, hajamsalimia dada yake. Mwalimu akasema, "Bi Tarehe, kazi ni yako. Soma."

Akasoma. Maziwa, bado siku tisa. Jibini, bado wiki. Mafuta, mwaka mzima. Alipofika kwenye mtindi aliugeuza kwa pupa: unaisha kesho, tarehe imesimama wazi, haijaguswa na mtu. Na juu ya kila kikopo palikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa Punguzo: *uliwe Jumatano saa nne*. Mpanga rafu alikuwa amemtolea katoni nzima kwa sababu alijua watoto thelathini wataumaliza siku hiyohiyo.

Bi Tarehe akaendelea kusoma, sauti ikimpungua. Chini kabisa akamkuta kuku. Akamjua kwa pakiti yake. Akamwinua.

"Na huyu?"

"Tarehe yake iko vizuri," alisema mwalimu.

"Sisemi tarehe. Yeye anajua ninachosema."

Hapo ndipo Punguzo alipofungua mdomo. "Najua, dada. Yule aliyekatika vidole ni binamu yangu pia. Lakini kuku wa kampuni nyingine ni bei mara mbili. Nikiwachukua hao, watoto hawa wanakula nyama mara moja kwa wiki badala ya mbili. Nimekaa na hilo usiku ngapi, wewe hujui. Hukuniuliza."

Mwalimu alimgeukia Bi Tarehe. "Jana ulikuja kwa ajili ya watoto, au kwa ajili ya mdogo wako?"

Ungedhani angejitetea. Aliiweka pakiti mezani, akafuta mikono kwenye gauni.

"Kwa ajili yake," alisema.

Punguzo alirudishiwa kazi siku ileile. Habari zikazunguka, na nyumba za Bi Tarehe zikapungua hadi tano. Wiki sita dada na mdogo hawakusemeshana. Wakikutana kwa mama, mmoja anaingia jikoni, mwingine anatoka. Mwishowe Bi Tarehe alimfuata nyumbani kwake, akaomba radhi akiwa mlangoni, hata viatu hajavua.

"Nimekusikia, dada," Punguzo alimjibu. "Kukuamini nipe muda."

Bi Tarehe ameacha kutoza sehemu ya kumi. Sasa naye anatoza kwa safari, na kipato chake kimeshuka karibu nusu, ingawa bibi wa ghorofa ya tatu amemrudia kwa zamu, wiki moja yeye, wiki moja mdogo wake. Je, wivu umeisha? Anatikisa kichwa.

"Jana tu nimechungulia toroli lake. Alikuwa na nyanya nzuri kuliko zangu."

Kuhusu yule kuku, kila mmoja bado ana lake. Lakini mwezi uliopita Bi Tarehe alimpata mama mmoja mfugaji, pembezoni mwa mji, anayechinja mwenyewe na mabinti zake. Bei yake inakaribiana na ya kiwandani, kwa sharti moja: mnunuzi achukue kuku arobaini kwa mara moja. Nyumba za Bi Tarehe zikijumlishwa zote zinafika kuku kumi na wawili. Kituo cha watoto, pamoja na wateja wengine wa Punguzo, ni ishirini na wanane.

Alizunguka na hesabu hiyo kwa siku nne kabla ya kuipeleka. Punguzo aliisoma karatasi mara mbili, akauliza kuku wanakula nini, akauliza nani atawasafirisha. Kisha akauliza swali ambalo Bi Tarehe alikuwa akiliogopa.

"Oda itaandikwa kwa jina la nani?"

Leo, akisukuma toroli kuelekea kwa keshia, Bi Tarehe anatabasamu akisimulia. Wanakwenda pamoja kwa mfugaji Jumamosi, kuwatazama kuku kwa macho yao kabla ya kukubaliana.

"Nilimwambia iandikwe kwa jina lake," anasema. "Nilimeza mate kwanza. Lakini nilisema."