Tunauza Kiatu

Jina la Mama Kiatu alibandikwa na majirani, wala hakulipenda. Fundi wa mabango alipomwandikia mlango wa duka alikosea, badala ya TUNAUZA VIATU akachora TUNAUZA KIATU, akalamba hela yake, akahama mtaa. Basi ikawa kila apitaye lazima aulize, "Mama, cha pili umekificha wapi?" Mwanzoni alikuwa akinuna. Siku hizi hata kununa kulimchosha.

Alikuwa amechoka kweli. Wateja walikuwa wamehamia kwa wauza mitumba, magoti yalimuuma kwa kupanda ngazi ya kushushia maboksi, na kesho yake mwenye nyumba angefuata funguo za duka, kwani alikuwa amekubali kulifunga. Mwanawe alishamtengea chumba. "Mama, njoo upumzike," alimwambia kwenye simu, na mkewe akadakia kwa nyuma, "Watoto nao watapata wa kuwaangalia!" Pumziko gani hilo! Aliogopa kuishi kwa mkwe, kuomba ruhusa hata ya kuwasha jiko.

Alikuwa akifunga maboksi kwa kamba dada mmoja alipoingia kwa magongo, sketi yake ikining'inia tupu upande wa kulia.

"Shikamoo, mama. Nimesoma hapo juu mnauza kiatu."

"Marahaba. Usinitanie na wewe, mwanangu. Leo sina nguvu."

"Sikutanii. Nataka kimoja, cha kushoto. Kila mara nanunua jozi, kingine natupa."

Mama Kiatu aliiweka kamba chini. Miaka yote ile watu wamemcheka, na hata siku moja hakujiuliza nani angehitaji kiatu kimoja. Aliona aibu. Akafungua boksi, akapiga magoti kwa shida, akamvisha. Kilimkaa sawasawa.

"Sasa hiki cha kulia nimpe nani?" akauliza, kama anayejisemea.

"Kuna mwenzangu tunafanya naye mazoezi hospitali, yeye hana mguu wa kushoto. Namba yetu moja. Na tuko wengi, mama, wake kwa waume. Maduka mengine yanatufukuza." Dada yule akageukia mlango. "Niwalete kesho? Mtakuwa mmefungua?"

Mwili wote wa Mama Kiatu ulitaka kusema hapana. Ulitaka kitanda.

"Walete," akasema.

Kisha akampigia mwenye nyumba, akamwomba asifuate funguo, halafu akampigia mwanawe simu. "Kile chumba wapeni watoto," alimwambia. "Mimi nina kazi."