Boksi Ambalo Verlin Hakulifungua

Verlin Sopko alikuwa na kadi za besiboli, zile zenye picha za wachezaji, elfu thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyokuwa na alama ya kidole. Zilikaa kwenye banda la gari, ndani ya maboksi marefu ya kadibodi, juu ya mbao ili unyevu wa sakafu usizifikie. Kila boksi lilikuwa limeandikwa mwaka wake ubavuni, kuanzia themanini na sita hadi tisini na mbili. Gari lenyewe lililala nje. Theluji ya Ohio imeliangukia miaka kumi na tisa, kadi zikiwa kavu kabisa, na mkewe Lorna alishachoka kulisema jambo hilo.

Thamani yake ni nini? Hakuna. Kadi za enzi za babu zilikuwa na bei kwa sababu akina mama walizitupa jalalani bila kujua. Za utotoni mwa Verlin zilichapwa kwa mamilioni, na kwa kuwa kila mtu alishasikia habari za wale akina mama, hakuna aliyetupa hata moja. Mtaa mzima uliziweka. Akina baba walizinunua kwa katoni wakisema zitawasomesha watoto chuo. Akiba haiozi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuiona ile chingamu iliyotiwa ndani ya kila pakiti, ikagandamana na kadi ya mwisho mpaka ikawa kama kipande cha kigae. Leo ukitaka kuziuza, mnunuzi anakuuliza kama utazipeleka mwenyewe hadi kwake.

Verlin alilijua hilo. Alikuwa na miaka arobaini na minane, fundi wa mabasi ya shule hapo mjini Barlow Ferry, mtu mpole wa mikono mikubwa. Hata hivyo, kabla ya kugusa kadi alinawa mikono mara mbili.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei, Corinne, binti wa dada yake, alimfuata kazini. Alimkuta chini ya basi, akachuchumaa karibu na miguu yake.

"Mjomba, toka huko. Nina shida."

"Sema tu, nakusikia."

"Toka bwana, siwezi kuongea na viatu."

Verlin akatoka, akajifuta. Corinne alikuwa na miaka ishirini na pua ya mama yake.

"Jumamosi saa nne nina miadi na yule mchora tatuu wa nyuma ya duka la matairi," alisema. "Nataka mwandiko wa mama. Hapa." Akaonyesha mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. "Neno lolote, mjomba. Hata 'nunua maziwa'. Sina hata moja."

Nusu ya vijana wa karakana ile walikuwa na saini ya mama au bibi aliyefariki mikononi mwao, kwa hiyo Verlin hakushangaa. Kilichomshtua ni kwamba alijua Corinne anasema kweli. Rena, mama yake, alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na Machi hiyo moyo ulimsimama kwenye maegesho huko Nebraska, lori likiwa bado linanguruma. Vitu vyake vyote vilikuwa kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kupanga, na bomba lilipasuka kwa baridi mwezi mmoja kabla. Madaftari, barua, kadi za Krismasi, vyote viligeuka uji.

"Sauti yake ninayo kwenye simu," Corinne alisema. "Mwandiko ndio sina. Bibi hakubakisha kitu. Umebaki wewe, na wewe hutupi kitu, kila mtu anajua."

"Nitatafuta," Verlin alisema, akarudi upesi chini ya basi.

Kwa sababu alikuwa ametupa. Kitu pekee alichowahi kutupa maishani ni hicho hicho anachoombwa.

Rena alimzidi miaka miwili, na alirusha mpira vizuri kuliko mvulana yeyote wa mtaa. Kadi alizipenda kwa njia yake. Alizipenda na penseli mkononi. Wachezaji wazito wa ligi kuu aliwachora masharubu, miwani, hereni. Aliwaandikia maneno ya kutoka mdomoni. Kulikuwa na mrushaji mmoja, jitu la futi sita na nusu, ambaye Rena alimchora machozi na kumwandikia, "Mama, njoo unichukue." Nyingine alizibana kwa vibanio vya nguo kwenye gurudumu la baiskeli ili ilie kama pikipiki. Kadi zake na za Verlin zilichanganyika ndani ya boksi moja la viatu, na hakuna aliyejua ipi ya nani. Walilala kifudifudi barazani siku nzima, wakitafuna ile chingamu mpaka taya zinauma, na kuna siku Verlin alicheka hadi akajikojolea.

Kisha akatimiza miaka kumi na miwili, akapata akili. Akili aliipata kwa muuza kadi aliyekuwa na meza yenye kioo kwenye jengo la maduka kila Jumamosi. Mtu huyo alizishika kadi zake mbili tatu kwa ncha za kucha, akamrudishia.

"Kijana, kadi iliyoandikwa ni takataka. Kona ikijikunja, takataka. Weka safi, usiguse, na baada ya miaka ishirini njoo uniambie umenunua nyumba gani."

Verlin alirudi nyumbani akapanga mafungu mawili. Fungu la takataka lilikuwa kadi kama mia nne. Akalipeleka uani, kwenye pipa ambalo baba yao alichomea majani makavu. Rena akatokea na baiskeli yake.

"Unachoma nini?"

"Takataka."

Akachungulia ndani ya pipa. "Mrushaji wangu anayelia yumo?"

"Ameharibika, Rena. Si ulimwandika?"

Rena alisimama pale ameshika usukani, moshi ukimpiga usoni. Verlin alingoja atukane au apige, maana alikuwa hodari kwa vyote viwili. Hakufanya lolote.

"Haya, Tajiri," alisema, akapanda baiskeli akaenda zake. Tangu siku hiyo hakufungua tena pakiti pamoja naye, na Tajiri likawa jina la Verlin ndani ya familia.

Krismasi ya mwaka uliofuata, Rena alimpa zawadi. Lilikuwa boksi la kiwandani lenye kadi zote za mwaka mzima, mia saba na kitu, kifuniko kimebandikwa karatasi ya kiwanda. Alilinunua tangu mwanzoni mwa Septemba kwa pesa ya kulea mapacha wa jirani.

"Fungua," alimwambia.

"Una wazimu? Likifunguliwa thamani imekwisha."

"Fungua tu, Tajiri. Mara moja."

"Ng'o!"

Baba yao alimpiga Verlin begani. "Huyu ana kichwa," alisema, na Verlin akavimba kwa fahari. Walipomaliza supu ya kabichi chachu, Rena alivaa koti na buti, akachukua glavu yake ya kudakia mpira, akatoka uani. Verlin alimwona dirishani akirusha mpira juu na kuudaka, peke yake, kwenye theluji. Akadhani amenuna. Alikaa huko mpaka mama yao alipomwita kwa ukali aingie.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila Krismasi, mvua inyeshe jua liwake, Rena aliuliza mezani, "Umefungua?" na Verlin akajibu, "Bado," na watu wote wakacheka. Zaidi ya miaka thelathini. Verlin alicheka nao lakini ilimchoma, kwani alijua anachekwa kwa ubahili wake, na kadiri kadi zilivyoshuka bei ndivyo swali lilivyozidi kuuma. Februari ile, Rena alimpigia simu akiwa barabarani.

"Tajiri! Ile zawadi yangu, umefungua?"

Siku hiyo mabasi manne yalikataa kuwaka kwa baridi na Verlin hakuvihisi tena vidole vyake.

"Rena, nililiuza zamani."

Akasikia injini ya lori, ikilia kwa muda.

"Uliliuza? Kwa nani?"

"Mtu tu. Simjui."

"Haya," Rena alisema. "Haya basi." Hawakuongea tena, na baada ya wiki tatu akafa. Uongo huo Verlin hakumwambia mtu. Ulikuwa umekaa kifuani mwake tangu mazishini, na kila aliyempa pole alikuwa kama anaugonga.

Basi Jumanne alianza kutafuta. Alijiambia kwamba kati ya elfu thelathini na moja, lazima ipo moja aliyoikosa utotoni, yenye masharubu, iliyojificha. Alitoka kazini akaingia bandani, boksi baada ya boksi, kadi baada ya kadi. Jumatano vivyo hivyo. Sura zile zilimtazama, safi, kona zimenyooka, wanaume waliokwisha kuwa mababu. Aliwachukia mmoja mmoja. Laiti angekuwa mzembe kidogo tu!

Alhamisi jioni alifika boksi la mwisho na hakuwa na kitu. Akakaa. Akachukua kadi ya mrushaji fulani, akachukua penseli, akamchora machozi. Yakatoka vibaya. Akachukua nyingine. Katika ya tatu mkono ulianza kukumbuka jinsi Rena alivyoandika, herufi zimelala upande kama zinakimbia, na alikuwa anaandika "Mama, njoo" pale Lorna alipoingia kumwita chakula.

"Unafanya nini?"

Lorna akaiokota ile kadi, akaitazama, akamtazama yeye.

"Verlin. Unataka kumchora mtoto uongo mkononi? Azeeke nao?"

"Nitamwambia nini? Kwamba nilimchoma mama yake kwenye pipa?"

"Mwambie hivyo hivyo." Kisha akanyoosha kidole kuelekea juu ya rafu ya rangi na brashi. "Na lile la Rena?"

"Lile limefungwa kiwandani. Mashine hazina mwandiko."

"Basi kwa nini umeshusha kila boksi, lenyewe hulishushi?"

"Nilimwambia nimeliuza," Verlin alisema. "Lilikuwa hapo hapo, Lorna. Nilimwambia nimeliuza, akasema haya." Lorna akaketi karibu naye juu ya boksi la mwaka themanini na nane, ambalo hakuruhusiwa kuligusa tangu waoane, na Verlin hakumwambia ainuke.

Ijumaa alasiri alilishusha. Hakuwa anatafuta mwandiko tena. Alitaka tu kufanya mara moja kile alichoombwa. Alilipeleka mwangani, mlangoni, akaweka kisu kwenye ile karatasi ya kifuniko, na hapo akasita. Fundi huijua boliti iliyowahi kufunguliwa. Karatasi ilikuwa na mikunjo midogo, mikunjo ya mvuke wa birika, na pembeni gundi ilikuwa imevilia kimanjano, gundi ya shuleni, ya watoto.

Akaketi chini sakafuni.

Kadi ya kwanza ilikuwa na masharubu. Ya pili miwani. Ya tatu alikuwa mrushaji mwingine kabisa, jembamba la mtu, lakini machozi yalikuwa yale yale na maneno yale yale. Verlin alizipitia kwa mikono isiyonawa, na kila moja ilikuwa imechorwa, zote mia saba na kitu, Septemba, Oktoba, Novemba, dada yake wa miaka kumi na mitano, mapacha wa watu wakiwa wamelala, akichora. Alicheka kwa sauti peke yake, kisha kicheko kikageuka kilio, na majirani walisikia.

Mgongoni mwa kadi ya kwanza, juu ya hesabu za mchezaji, kulikuwa na maandishi makubwa yaliyolala upande:

"Umefungua! Si mali tena. Chukua glavu. Nakusubiri nje."

Jumamosi saa nne alimpeleka Corinne mwenyewe. Kadi ilikuwa mfukoni mwa shati, bila plastiki. Corinne aliisoma mara nyingi, akapitisha kidole juu ya herufi, na Verlin hakumkataza. Mchora tatuu aliuliza ni maneno gani, Corinne akasema hayo mawili ya mwisho. Verlin akakaa upande wa pili, ameshika ule mkono usiochorwa, sindano ikilia.

"Mjomba," Corinne alisema, macho yakiwa darini. "Alikuwa anamsubiri nani?"

"Mimi."

"Sasa ulitoka?"

Mchora tatuu akapangusa damu kidogo, akainamia herufi iliyofuata.

"Hapana," Verlin alisema. "Nilimwona dirishani. Sikutoka."