Maziwa Hayasubiri Shikamoo

Huku Mbinga ninakofundisha sasa, wanafunzi wachache wakubwa huja shuleni kwa baiskeli, na asubuhi nasikia kengele zao kabla sijamaliza chai. Zikilia mara moja, sina habari nazo. Zikilia mara mbili haraka haraka, kikombe hunisimamia mkononi, na harufu ya maziwa mabichi yaliyotikisika njia nzima ndani ya dumu la plastiki hunijia puani kana kwamba mtu ameyamwaga mlangoni pangu. Hapo namkumbuka Mwanaidi. Na kwa kuwa tunaongea sisi kwa sisi, niwaambie tu ukweli: nikimkumbuka, wivu ndio unaotangulia, mengine hufuata nyuma.

Kwetu ni Bashay, Mbulu. Nyumba yetu iko mgongoni mwa kilima, na barabara ya vumbi inashuka kutoka pale, inapanda, inashuka tena, mpaka unafika penye maduka, mahali magari ya abiria yanaposimama. Pale palikuwa na mgahawa wa mama mmoja aliyenunua maziwa yetu. Aliyataka yafike kabla abiria wa gari la kwanza hawajaketi kunywa chai. Yakichelewa alichukua ya watu wengine, na yetu yalirudi nyumbani kugandishwa. Wakati wa likizo, kazi ya kuyapeleka ilikuwa yangu.

Msinisifu kwa uchapakazi. Nilichopenda mimi ni baiskeli. Ilikuwa ya baba, nyeusi, yenye bomba juu, ndefu kunizidi, kwa hiyo niliiendesha kwa kupenyeza mguu chini ya bomba, mwili umepinda upande mmoja, dumu limefungwa kwenye keria kwa mpira uliochanwa kutoka tairi kuukuu. Asubuhi za Julai ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na siku zenye bahati ungeuona mlima Hanang mbali kusini, kichwa tu kimetoka juu ya ukungu. Baridi ilinitoa machozi. Nikiteremka kilima kile cha kwanza sikuwa mtoto wa kuosha vyombo wala wa kubeba mdogo mgongoni. Nilikuwa mwenye baiskeli.

Tatizo lilikuwa wazee.

Kwetu mtoto hamsalimii mzee akiwa juu ya baiskeli. Mama alikuwa akisema kwamba kumpa mzee shikamoo kutoka juu ya baiskeli ni sawa na kumpanda begani kisha ukamuuliza habari za asubuhi. Ni lazima ushuke, usimame, uinamishe kichwa, usalimie, usubiri. Na wazee wa barabara ile walikuwa wengi, wote waamkaji wa mapema, wote wakiota jua upande wa barabarani. Mkubwa wao alikuwa Mzee Margwe. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, zile za tembe zilizochimbiwa ndani ya mteremko, paa la udongo limelingana na ardhi kiasi kwamba mbuzi wanapita juu yake bila kujua kwamba wamepanda nyumba. Na Mzee Margwe naye alikaa hapo hapo juu ya paa, amejifunika shuka, katikati kabisa ya kilima cha pili, mahali ambapo mwendesha baiskeli akishuka hawezi tena kupanda. Ukisimama pale, umebaki kusukuma.

Nilishuka. Niliinama. Yeye alinishika kichwa kwa mkono wake mkavu, akaanza. "Marahaba. Wewe ni Paskalina wa Tarmo. Tarmo wa Gwandu. Gwandu wa Bura, yule aliyehama na ng'ombe mwaka wa njaa, akalala hapa kwa baba yangu." Kila siku. Hakuruka hata jina moja. Mimi nilihesabu mawingu, nikisikia maziwa yanapata joto mgongoni mwa baiskeli. Nikiondoka pale nilisukuma hadi juu, na juu kulikuwa na bibi mwingine.

Dumu liliporudi limejaa kwa mara ya pili katika wiki moja, baba alilitazama muda mrefu. "Paskalina," alisema, "maziwa hayasubiri shikamoo."

"Basi nisiwasalimie, baba?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama auze mama yake. "Wasalimie. Ila uwahi."

Ndipo Mwanaidi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chetu, anakula ugali wetu, akasema, "Baba Paskalina, mie nitawahi."

Mwanaidi alikuwa mtoto wa nesi aliyeletwa zahanati yetu kutoka Tanga. Mama yake akiwa zamu, yeye alishinda kwetu. Tulikuwa rika moja, darasa moja, tukilala kitanda kimoja siku za zamu ya usiku, na mpaka jioni ile nilimpenda. Baiskeli alijifunzia kwao, kwenye tambarare. Mlima hakuujua, kwa hiyo hakuuogopa. Aliteremka bila kugusa breki, mtandio unapepea nyuma, na akiwakaribia wazee alipiga kengele mara mbili, akapaza sauti ile ya pwani iliyonyooka: "Shikamooni jamani!" Salamu moja kwa wote, mzee wa kushoto na bibi wa kulia, mbuzi pia kama wanataka. Kasi ile ya mteremko ilimpandisha kilima cha pili chote mpaka akampita Mzee Margwe juu ya paa lake.

Dumu likarudi tupu, tena mapema. Baba akacheka kwa furaha, jambo ambalo hakuwa analifanya ovyo.

Nilingoja wazee walalamike. Niliwangoja kwa hamu. Badala yake walikuja nyumbani wakicheka. "Yule mtoto wa nesi," walisema, "anapita kama kipanga." Mtu akiuliza mbona hashuki, walimtetea wenyewe: hajui, ni mgeni. Nikakaa jikoni nikichambua mboga. Kosa lile lile, likifanywa na yeye lilikuwa kichekesho.

Nilijaribu kuhakikisha. Siku moja Mwanaidi aliumwa jino, nikapewa baiskeli, nikateremka bila breki, nikapiga kengele mara mbili, nikapaza "Shikamooni jamani!" kwa sauti ya Tanga kadiri nilivyoweza. Niliporudi, baba alikuwa amesimama mlangoni na fimbo. Habari ilikuwa imekatiza kwa miguu kupitia mashamba ya vitunguu saumu na kunitangulia. "Tarmo," wazee walikuwa wamemwambia, "mtoto wako amekuwa nani siku hizi?" Sitawaelezea yaliyofuata. Niseme tu kwamba jioni ile nilikula nimesimama, na Mwanaidi alikuwa amekaa.

Basi nikawa namwombea mabaya, madogo madogo. Pancha. Mvua. Mbwa asiye mkali sana.

Maombi yalijibiwa asubuhi moja. Jua lilikuwa limepanda na Mwanaidi hajarudi. Baba akanituma nikamtazame, nami nikaenda kwa miguu, nikikimbia kwa furaha. Nilimkuta kwa Mzee Margwe. Cheni ilikuwa imekatika katikati ya kilima, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alikuwa amelazimika kusimama mbele ya mzee. Mzee alikuwa ameshuka kutoka kwenye paa, ameishika baiskeli kwenye usukani.

"Baiskeli naijua, ni ya Tarmo," alikuwa anasema, bila ukali. "Wewe sikujui. Wewe ni wa nani?"

"Wa nesi."

"Nesi wa nani?"

Mwanaidi akainamia cheni iliyokatika, akaigusagusa. Yeye ambaye darasani hakukosa jibu.

Nikainama, nikatoa shikamoo yangu. Mzee Margwe akaachia usukani, akanishika kichwa, akaanza: Paskalina wa Tarmo, Tarmo wa Gwandu, Gwandu wa Bura. Nilipoinua macho nilimwona Mwanaidi anatuangalia, midomo imebanwa. Nikadhani anatucheka.

Tulisukuma baiskeli pamoja kurudi nyumbani, dumu linagonga keria. Karibu na kwetu akauliza, "Kila siku anakwambia yote yale?"

"Kila siku. Anachosha."

"Mpaka yule wa ng'ombe?"

"Mpaka yule wa ng'ombe."

Akaushika mpira wa dumu, akaukaza.

Cheni ilitengenezwa. Na hapa ndipo wivu wangu ulipoota meno hasa, maana tangu siku ile Mwanaidi alianza kushuka. Nilimwona kutoka juu kilimani kwetu: anafika kwa Mzee Margwe, anabana breki, anashuka, anaweka baiskeli ubavuni, anainamisha kichwa chenye mtandio. Anasimama pale, na maziwa yanapata joto. Kwanza mzee alimjibu "marahaba, nesi hajambo?" tu, basi. Lakini Mwanaidi alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Kisha jioni moja Mzee Margwe alikuja kwetu kunywa pombe na baba, akasema mbele yangu kwamba amemwuliza yule mtoto majina ya kwao, mtoto akayauliza kwa mama yake, na yeye mzee ameyashika yote. Akayataja pale pale, taratibu, akijikanyaga kidogo kwenye yale ya Kiislamu: Mwanaidi wa Bakari, Bakari wa Athumani, Athumani wa Shekue, yule aliyechonga milango.

Nilitoka nje. Baiskeli alikuwa nayo, sifa za baba alikuwa nazo, na sasa ameniingilia mpaka kwenye mkono wa Mzee Margwe, mkono ambao nilikuwa nauona mzigo mpaka nilipouona juu ya kichwa cha mwingine. Nililia nyuma ya zizi, na mtu angeniuliza ninalilia nini nisingeweza kumwambia.

Baba, alipoona dumu linarudi limejaa, alinirudishia kazi. Alisema kama ni kuchelewa, basi achelewe wa kwake. Mwezi uliofuata nesi alihamishwa, Mwanaidi akaondoka na gari la kwanza. Sikulia. Nilikuwa na baiskeli yangu.

Nimekuwa mtu mzima, nikapangiwa kazi huku, ambako pia kuna vilima na vijiji vikongwe. Nilinunua baiskeli kwa ajili ya kwenda shuleni. Njiani, katikati ya mwinuko, kuna mzee anayeanika kahawa mbele ya nyumba yake, nami nashuka, kwa sababu nililelewa kushuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwalimu." Anarudi kwenye kahawa yake.

Ni mtu mwema, hana kosa. Mimi ndiye ninayebaki pale kitambo, usukani mkononi, kichwa nimekiinamisha zaidi ya inavyotakiwa. Juma lililopita, nikiwa bado nimesimama hivyo, mwanafunzi wangu mmoja alifika nyuma yangu na baiskeli ya kaka yake. Akashuka, akasalimia upesi upesi, mguu mmoja tayari uko kwenye pedali. Mzee akaacha kahawa, akajifuta mikono, akaanza: wewe ni wa fulani, na fulani ni wa fulani, yule aliyejenga kisima. Mtoto alitazama juu, akihesabu mawingu.

Nilisukuma baiskeli yangu mpaka kileleni, na njia nzima nilimwonea wivu.