Kadi ya Kipa Iliyolipia Mahindi ya Kulesa

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza kwamba mimi, Ngumbao, ndiye Mwenyekiti, Katibu na Mkaguzi Mkuu wa Bodi ya Uthibitishaji wa Kadi za Wanamichezo, Ukanda wote wa Tana Delta.

Makao makuu ya Bodi ni kitanda changu cha juu, bwenini.

Vifaa vya Bodi ni rula, tochi, na lenzi iliyotoka maabara ya baiolojia kwa miguu yake yenyewe.

Chekeni tu. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka siku nilipoitwa kwa chifu pale Garsen, nikasimamishwa mbele ya wazee, nikahojiwa kuhusu kadi ya mpira kana kwamba ni ng'ombe wa wizi.

Tulieni niwape mambo.

Muhula ule shule nzima ilishikwa na homa ya kadi za wachezaji. Wasee walikuwa wakibadilishana kadi zaidi kuliko walivyobadilishana salamu. Tatizo likawa moja: feki zilijaa.

Sasa, huko ng'ambo kuna wataalamu. Unawapelekea kadi, wanaikagua kama ni ya kweli, wanapima kona, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Kisha wanaipa alama, mwisho kumi, na kuifungia kwenye kasha la plastiki. Kadi yenye kumi ni sultani. Yenye mbili ni karatasi ya kufungia njugu.

Niliona video chache kwenye simu ya binamu yangu wakati wa likizo. Nikajihesabu nimehitimu.

Ada ya Bodi: chapati yako ya Jumapili.

Nilinenepa.

Halafu akaja Adano.

Adano ni wa darasa langu, Muorma wa jamii ya wafugaji, mpole, mtu wa maneno machache. Alisimama chini ya kitanda akainua shingo.

"Bodi iko?"

"Bodi iko kwenye kikao."

"Kikao gani na umelala?"

"Tunatafakari. Leta kadi."

Akanipa. Kadi ya kipa mmoja wa Brazili, Tarcinho, yule mrefu mwenye glavu za njano. Juu ya glavu kulikuwa na saini ya kalamu nyeusi.

Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeitoa wapi?"

"Kaka yangu Gollo aliipata Bura. Alitoa beberu."

"Beberu mzima?"

"Mzima. Baba nusura amfukuze nyumbani." Akashika nguzo ya kitanda. "Lakini sasa imepata kazi. Ng'ombe wetu waliingia shamba la Mzee Komora, kule Kulesa. Wakala mahindi. Wazee wamekaa, wamekubaliana tumlipe mtamba."

"Si mlipe basi?"

"Huyo mtamba ndiye karo yangu, Ngumbao. Hakuna mwingine."

Nikaigeuza kadi.

"Mzee Komora ana banda la kuonyesha mpira," akaendelea. "Anampenda huyu kipa kama mwanawe. Amesema akipewa kadi yenye saini ya kweli, ataitundika bandani na mahindi yamesamehewa. Lakini lazima ithibitishwe. Ikiwa feki, mtamba anaenda Kulesa, na mimi naenda malishoni."

"Na nani aliwaambia Bodi inaweza kuthibitisha?"

"Mimi."

Maze, ningeweza kusema Bodi imefungwa kwa ukarabati. Ningeweza kusema mengi. Lakini Adano alikuwa ananitazama vile mgonjwa anavyomtazama daktari, na mimi sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote, hata mama yangu. Hasa mama yangu.

Nikawasha tochi. Nikapima kona. Nikaguna mara kadhaa, kwa sababu mtaalamu asiyeguna haaminiki.

"Tisa," nikasema. "Saini ni halali."

Adano alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa viganja.

Nikamwandikia cheti. Jina langu lote, jina la baba, muhuri wa kizibo cha soda. Tulipopewa ruhusa ya kwenda mjini, Athman wa saiba, lile duka la kompyuta, akaitia kadi laminesheni ya plastiki. Chapati ya Adano niliikataa. Wenzangu wakadhani naumwa.

Na kweli nilikuwa kama naumwa. Kila pikipiki iliyoingia getini ilinisimamisha. Darasani nilikalia upande mmoja, nikahamia mwingine. Chakula kilinishinda. Nikamuuliza Adano, "Wamemaliza ile kesi?" Akasema, "Bado." Baada ya kipindi nikamuuliza tena.

"Mbona wewe ndiye una wasiwasi? Mahindi yalikuwa yako?" akacheka.

Alhamisi naibu wa mwalimu mkuu akaingia darasani.

"Ngumbao! Unatakiwa kwa chifu. Umefanya nini?"

"Ya lini, mwalimu?"

Hakucheka.

Pale kwa chifu nilimkuta Mzee Komora, mfupi, mchangamfu, na jezi ya kipa chini ya koti. Nikamkuta babake Adano, watu humwita Baba Gollo, mrefu, kimya, fimbo mapajani. Adano alikuwa amefika kabla yangu, amekaa nyuma yake na sare ya shule.

Na kwenye benchi la ukutani, leso mabegani, alikuwa mama yangu.

"Mama? Wewe umeitiwa nini?"

"Hata mimi nangoja kuambiwa," akasema. "Kaa mbali na mkono wangu."

Baba Gollo akaanza, polepole.

"Kijana, sisi sokoni kwetu mtu hauzi ng'ombe peke yake. Lazima asimame mtu aseme, huyu ng'ombe namjua. Huyo ndiye mdhamini. Ng'ombe akitokea kuwa wa wizi, zizi la mdhamini linalipa. Wewe umesema kadi hii unaijua. Umeweka jina."

"Ndiyo, mzee."

"Basi wewe ni mdhamini. Zizi lenu liko wapi?"

Wote wakamgeukia mama.

Mama ana mbuzi. Amewalea tangu baba afariki. Sikuwahi kufikiria kwamba kizibo cha soda kinaweza kuwafikia.

"Mimi sina shaka," Mzee Komora akadakia. "Msumari nimeshagonga! Ila nataka nisikie kwa masikio yangu. Nikitundika feki, vijana wa Kulesa watanicheka hadi niuze banda."

Baba Gollo akaiweka kadi mezani, akaifunika kwa kofia yake.

"Anayemjua mnyama hahitaji kumtazama. Taja alama zake."

Nikashusha pumzi. Kumbe ni hilo tu! Hilo ndilo pekee nililoliweza. Nikarekebisha kola, nikakohoa kidogo kama mbunge.

"Waheshimiwa wazee. Kona ya juu kulia imefubaa. Nyuma kuna doa la mafuta, dogo kama punje ya mtama. Saini inaanzia kwenye kidole gumba cha glavu. Herufi ya mwisho ina mikwaruzo kabla ya wino kushika, kwa sababu kalamu iligoma, ikabidi itikiswe kwanza, kisha ikapuliziwa pumzi ya moto."

Chifu akainua kofia, akatazama. Kila kitu kilikuwa pale.

"Huyu ni profesa!" Mzee Komora akapiga makofi.

Baba Gollo hakupiga.

"Kalamu ilitikiswa," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na ikapuliziwa."

"Ndi..."

Ndipo niliposikia nilichokisema.

"Alama ya sikio, kila mtu ataiona," akasema Baba Gollo, sauti ile ile ya chini. "Lakini mtu akiniambia ndama huyu alizaliwa akitanguliza miguu ya nyuma, najua siku hiyo alikuwa zizini. Kijana, kalamu ilipogoma, wewe ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa Brazili.

Mzee Komora aliisogeza kadi kwa kidole, kama kitu kilichooza. "Basi mimi nataka mtamba wangu," akasema, na mara hii hakuwa mchangamfu.

Adano hakunitukana. Alianza tu kulegeza tai ya shule, taratibu, akaivua, akaikunja vizuri juu ya goti.

Hilo ndilo lililonimaliza.

"Nilikuwa darasani," nikasema. "Kipindi cha hesabu. Saini ni yangu. Niliitia kwa mzaha, nikambadilishia msee wa Bura kadi hiyo kwa hizi ndara nilizovaa. Adano alipoinua mkono pale bwenini, niliijua kabla hajanipa. Nikaipa tisa. Mtamba asitoke, mzee. Mdhamini ni mimi, na zizi ni letu. Mama, nisamehe, nimewauza mbuzi wako."

Mama akajifunga leso, akasimama.

"Tuanze na ndara," akasema. "Vua."

Nikavua, nikaziweka mbele ya Mzee Komora; mbuzi wangefuata.

Wasomaji wangu, mlitaka funzo. Mwongo hakamatwi kwa asichokijua, hukamatwa kwa anachokijua sana. Hilo ni la kuwachekesha. La kweli ni hili: nilikuwa na wiki nzima ya kumwambia Adano ukweli tukiwa wawili tu, nikangoja mpaka avue tai mbele za watu.

Mimi ndiye niliyesaini. Na safari hii, jina ni langu.